Uliza Msafiri: Namibia kwa gari, jangwa lake, mbuga zake na miji yake

Mwezi huu nafasi yote naipa Namibia maana maswali yake yamekuwa mengi kuliko ya sehemu nyingine yoyote, na mengi yanafanana. Watu wa kwetu wameanza kuipenda na inaeleweka: wanaendesha kushoto kama sisi, Mtanzania na Mkenya hawaombwi viza kwa matembezi ya kawaida (uliza ubalozini kabla hujakata tiketi, sheria za viza hazikai), na unakodi gari unazunguka mwenyewe bila dereva wala muongoza watalii. Nimechagua barua nne. Mbili nimezifupisha kidogo.

Niaje. Sisi ni marafiki wanne tunatoka Nairobi mwezi wa nane, tuko na siku tisa kule chini. Listi yetu ni Windhoek, Sossusvlei, Swakopmund, Skeleton Coast, Etosha, Fish River Canyon, alafu tumalizie Victoria Falls juu kwa ramani inaonekana iko karibu na ule mkono wa Namibia. Tunataka gari ndogo ju ya bajeti, na ramani ya simu inasema masaa yanatosha. Inawezekana ama tunajidanganya? Na utuambie ukweli kuhusu zile barabara za vumbi. Kevo, Rongai

Kevo, listi yenu ni ya mwezi mzima sio siku tisa. Futeni Fish River Canyon na Victoria Falls leo leo kabla hamjaanza kubuku vyumba. Najua inauma, hilo bonde la Fish River lina urefu wa kilomita 160 hivi na kina kinafika mita 550, ni kitu cha kuona, lakini liko kusini kabisa na Etosha, mbuga ya wanyama, iko kaskazini, na maporomoko ya Victoria kutoka Windhoek ni zaidi ya kilomita 1,300 kwenda tu. Mkilazimisha mtakachokumbuka ni kioo cha mbele cha gari.

Shida ya ramani ya simu ni hii, inahesabu kilomita na spidi ya kibao, haihesabu changarawe, haihesabu kusimama kupiga picha, haihesabu pancha, na haihesabu jua. Jua ndio la muhimu. Agosti kule jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni na likizama tu gari lenu linatakiwa liwe limeshapaki. Nje ya miji hakuna taa, tandala wanavuka barabara jioni jioni, dume lake ni mnyama mzito mwenye miguu mirefu, ukimgonga anakuja moja kwa moja kwenye kioo. Ngiri nao wanakula majani ya pembeni ya lami mchana kutwa na wanakurupuka bila hodi. Mikataba mingi ya kukodi gari inakataza kabisa kuendesha usiku nje ya mji, maana yake ukipata ajali saa mbili usiku bima haikujui. Kwa hiyo ukipanga siku yako anza na saa za mwanga ulizonazo, toa saa mbili za kusimama simama, kinachobaki ndio cha kuendesha. Kwenye lami hesabu kilomita 90 hadi 100 kwa saa, kwenye changarawe hesabu 60, usihesabu zaidi hata kama gari inaweza.

Sasa ukweli wa barabara. Kule zimepewa herufi, B ni lami nzuri sana, C ni mchanganyiko, nyingine lami nyingine changarawe, D ni changarawe na vumbi. Sheria inaruhusu 100 kwenye changarawe ila wenyeji na makampuni ya magari wote wanasema 80 mwisho na mimi nasema hivo hivo. Barabara inakuwa imenyooka, pana, hakuna gari hata moja nusu saa nzima, mguu unazama wenyewe, unajikuta 110 na hujasikia kitu. Changarawe hiyo imelegea juu ya ardhi ngumu na magurudumu ya waliopita yameisukuma ikarundikana kati na pembeni. Ukigusa ule mrundiko wa pembeni mkia wa gari unaanza kuteleza, dereva aliyezoea lami anafanya vitu viwili kwa pamoja, anakanyaga breki na anakata usukani kurudi, hapo hapo gari linageuka ubavu na kubiringika. Hakuna gari lingine lililohusika, hakuna aliyewagonga, ni nyinyi peke yenu katikati ya jangwa. Ajali za wageni kule kwa kiasi kikubwa ni za namna hii na wengi wao walikuwa madereva wazuri tu kwao. Mkia ukianza kuteleza toa mguu kwenye mafuta taratibu, breki usiiguse, usukani shika imara na uelekeze kidogo kidogo unakotaka kwenda, gari litajinyoosha lenyewe. Gari likija mbele yenu punguzeni mpaka 50, sogeeni kushoto bila kupanda ule mrundiko, taa ziwe zinawaka mchana kutwa, na vumbi lake likiwafunika msipite mtu ndani yake.

Upepo wa tairi nao ni jambo ambalo watu wa kwetu hatuna mazoea nalo. Gari la kukodi mnapewa likiwa na upepo wa lami, bar 2.2 kupanda juu. Mkifika changarawe ndefu shusheni mpaka bar 1.8 hivi, tairi inalainika, inakanyaga eneo kubwa, ile mikunjo ya barabara iliyokaa kama bati haiwatikisi sana na mawe makali hayatoboi kirahisi. Mkirudi lami jazeni tena, tairi laini kwenye spidi ya lami inachemka mpaka inapasuka. Ombeni kampuni iwape kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri, na spea mbili sio moja. Na kabla hamjatoka kwenye yadi yao mmoja wenu abadilishe tairi pale pale mbele ya yule anayewakabidhi gari, afungue nati, apandishe jeki, aone spea inatokaje kule chini. Wengine huwa wanaona aibu kuomba hivyo. Msione aibu. Jeki iliyokwama ujue ukiwa Windhoek.

Gari ndogo je? Kwa njia nitakayowapa hapa chini saluni inafika, nimeziona nyingi tu, lakini nyinyi ni watu wanne na mizigo, na gari la chini kwenye D linapiga tumbo na kula mawe. Chukueni gari lililoinuka, hata kama sio 4x4 kamili. Mkipata hela ya 4x4 yenye mahema juu ya paa inawalipia malazi pia maana kempu za kule ni safi, zina maji ya moto na sehemu ya kuchomea nyama, sio kempu za kubahatisha. Kwenye bima hapo msibane matumizi. Bima ya kawaida mara nyingi haigusi tairi, vioo, na chini ya gari, na kuna kile kiasi mnachotakiwa kulipa wenyewe ajali ikitokea ambacho kinaweza kuwa kikubwa kuliko safari nzima. Lipieni ile ya juu na someni mstari kwa mstari wapi haifanyi kazi. Dereva mkuu awe na kadi ya krediti yenye jina lake, kampuni nyingi hawakubali kadi za debiti kwa dhamana, na wewe Kevo wa Kenya pita AA, chama cha wenye magari, ukachukue leseni ya kimataifa uende nayo pamoja na ya kwako.

Njia sasa. Siku ya kwanza mfike Windhoek mlale. Uwanja wa ndege wa Hosea Kutako uko kilomita 45 hivi nje ya mji, mtakuwa mmechoka, huo sio wakati wa kuanza changarawe. Siku ya pili asubuhi nunueni maji, lita tano kwa kila mtu ziwe ndani ya gari muda wote, chakula, na mafuta full tanki, alafu shukeni Sesriem, kwenye geti la kuingilia Sossusvlei. Ni kilomita 300 na kitu ila ni saa tano. Laleni ndani ya geti la Sesriem kama kuna nafasi, hii ndio hela nzuri kuliko zote mtakazotumia: wanaolala ndani wanafunguliwa saa nzima kabla ya jua kuchomoza, wa nje wanasubiri jua litoke. Kutoka getini mpaka Sossusvlei ni lami kilomita 60, katikati ya jangwa la mchanga, inashangaza, alafu kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu. Hapo msijaribu hata mkiwa na 4x4 kama hakuna aliyewahi kuendesha kwenye mchanga, kuna magari ya kubeba watu, lipeni mpande. Wanaojifanya wajuzi wanazama mpaka kwenye ekseli alafu wanapoteza asubuhi yote wakichimba kwa mikono.

Deadvlei iko kama mwendo wa kilomita moja kutoka mnaposhushwa. Nataka niielezee kidogo maana watu wengi wanajua picha tu. Ni sakafu ya udongo mweupe, ngumu, imepasuka pasuka, imezungukwa na milima ya mchanga mwekundu pande zote, na juu ya sakafu hiyo imesimama miti iliyokufa mamia ya miaka iliyopita. Mto ulikuwa unafika pale, mchanga ukaufungia njia, miti ikafa kwa kiu, na hewa ilivyo kavu haikuoza, imebaki myeusi kama imeungua. Msiipande wala kuiegemea. Nendeni mapema ili mwone kivuli cha mlima kikiondoka taratibu juu ya ile sakafu nyeupe. Mlima mkubwa wa pembeni wanauita Big Daddy, mita 325 hivi, wenye pumzi wapande kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo mchanga unachoma miguu.

Siku ya nne elekeeni Swakopmund. Kilomita 350, mnapita Solitaire, jazeni mafuta pale hata kama mna nusu tanki na mle keki yao ya tufaha. Baada ya hapo ni makorongo ya Gaub na Kuiseb kisha uwanda mtupu mpaka Walvis Bay. Hapo mtakutana na heroe wamejaa kwenye maji ya kina kifupi, na ukungu wa baridi, maana mkondo wa bahari wa Benguela unatoka kusini ukiwa baridi sana. Mtu wa pwani ya kwetu akisikia bahari anabeba kaptula, beba sweta. Pumzikeni Swakopmund siku nzima. Skeleton Coast yenyewe iacheni, atakayetaka kuonja pwani ile aende Cape Cross na kurudi, kilomita 120 hivi kaskazini, kuna sili maelfu kwa maelfu, na harufu yao jiandaeni nayo.

Kutoka hapo laleni usiku mmoja Spitzkoppe, miamba mikubwa ya rangi ya shaba imesimama peke yake tambarare, hamtajuta, alafu Etosha siku mbili zilizobaki, siku ya mwisho rudini Windhoek kwa lami ya B1, kama kilomita 500 na ushee kutoka upande wa Namutoni, mashariki mwa Etosha. Tarehe 26 Agosti ni Siku ya Mashujaa kwao, kempu zinajaa, bukuni mapema sana.

Assalaam aleikum. Mimi nataka kwenda na mume wangu, mama mkwe ana miaka 70 na watoto wawili, wa miaka 6 na 11. Kulala hema hatutaki. Je mzee ataweza? Na chakula cha halali kipo? Watu wananiambia huko ni jangwa nitawachosha bure. Mama Nasra, Tanga

Waaleikum salaam Mama Nasra, na shikamoo yangu mfikishie bibi. Ataweza, na huenda akafurahi kuliko nyinyi wote. Nyinyi ni Watanzania na hapo mna bahati moja ambayo Kevo hana, Tanzania iko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na kwenye mageti ya hifadhi za Namibia kuna bei tatu, ya Mnamibia, ya mtu wa SADC na ya mgeni mwingine. Onyesheni pasipoti, na kwenye kempu za serikali pia ulizeni bei ya SADC wakati wa kubuku, wasipouliza wao semeni nyinyi.

Ningekuwa nawapangia ningeifanya Etosha ndio moyo wa safari, Sossusvlei muiache au muende usiku mbili kama mnajisikia. Sababu ni kwamba Etosha mnafika kwa lami mwanzo mpaka mwisho, na kule wanyama wanakuja kwako sio wewe kuwafuata. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Oktoba, maji yanabaki kwenye madimbwi machache tu na kila kiumbe kinalazimika kuja kunywa. Ndani ya kempu ya Okaukuejo kuna dimbwi lenye taa usiku kucha, mabenchi yamewekwa nyuma ya ukuta mfupi, bibi anakaa na blanketi lake na chai, faru weusi wanakuja mpaka hatua chache mbele yake, tembo, twiga, simba pengine. Kimya kabisa, watu hawaongei. Mtoto wa miaka 6 anaelewa mwenyewe kwamba hapa haongei mtu. Nyati na kiboko hamtawaona, Etosha hawapo, watoto waambieni mapema wasije wakawa wanawangoja. Mchana mnazunguka na gari lenu wenyewe, mwisho 60 kwa saa, kushuka ni marufuku isipokuwa sehemu zilizozungushiwa uzio, na kabla jua halijazama muwe ndani ya kempu. Ile chumvi nyeupe mtakayoiona haina mwisho ni ziwa la zamani lililokauka, linachukua karibu kilomita za mraba 4,800, yaani mkisimama ukingoni mnaona ardhi na mbingu zimeungana.

Laleni Okaukuejo, kisha kempu inayoitwa Halali au ya Namutoni, vyumba vipo na vyote vina bafu lake. Msipakie safari ya zaidi ya saa nne kwa siku kwa ajili ya watoto na magoti ya mzee.

Halali ya chakula, Windhoek kuna msikiti na Waislamu wapo ingawa ni wachache, nunueni nyama yenu kwa wenzetu pale mgandishe. Nyumba nyingi za wageni zina jiko kwa hiyo mtapika, na Swakopmund na Walvis Bay samaki ni wa kumwaga. Ila mjue sheria moja inayowakuta wengi, Namibia ina uzio mrefu wa kuzuia magonjwa ya mifugo unaokata nchi, na mkitoka kaskazini kushuka kusini mnakaguliwa, pamoja na mageti ya Etosha, nyama mbichi ya ng'ombe au mbuzi inachukuliwa. Kwa hiyo pikeni mmalize ndani ya hifadhi msirudi nayo. Kibla mkiwa kule ni kaskazini kuelekea mashariki kidogo, sio kaskazini ya moja kwa moja kama mlivyozoea Tanga.

Baridi ipo. Juni na Julai usiku jangwani inakaribia sifuri, mchana jua kali hapo hapo. Bibi abebe koti la kweli na soksi za sufu. Na watoto wote wawili wawe na vyeti vya kuzaliwa halisi mkononi, vinaulizwa mpakani na kama mnapitia Johannesburg vinaweza kuulizwa huko pia. Kadi ya homa ya manjano kila mtu. Mkienda miezi ya mvua, Januari mpaka Aprili, ongeeni na daktari kuhusu dawa ya malaria maana upande wa Etosha ipo.

Mimi nina Prado yangu, niko Mbeya, nataka kwenda Etosha kwa kuendesha mwenyewe mpaka kule na kurudi kupitia Zambia, na wife. Wengi wananiambia nimechanganyikiwa. Mbeya

Kaka, hujachanganyikiwa, wewe ndio uko karibu kuliko sote. Tunduma, Lusaka, Livingstone, Sesheke, unavuka daraja la Zambezi unatokea Katima Mulilo, tayari Namibia, na kutoka pale ni lami ya B8 mpaka Rundu na Grootfontein. Unachohitaji ni muda. Wiki tatu usipungue, nne ndio vizuri.

Kadi ya gari iwe kwa jina lako, kama bado ina mkopo benki iandike barua ya kukuruhusu kuitoa nchini. Zambia utachukua kibali cha muda cha gari, ushuru wa kaboni, wa barabara, bima ya kule, na Tunduma unaweza kumaliza nusu siku, hao vijana wa pembeni wanaojitolea kukusaidia makaratasi waambie asante uendelee, kila malipo yana dirisha na risiti yake. Kuingia Namibia unalipia ushuru wa gari la kigeni, karatasi hiyo itunze kwenye dashibodi. Hela tumia dola ya Namibia au randi ya Afrika Kusini, thamani ni ile ile na kule zote zinapokelewa, ila usirudi na dola za Namibia mfukoni, ukitoka nje ya nchi hakuna wa kuzichukua.

Sehemu ya kuwa macho ni kati ya Kongola na Divundu. Barabara inapita katikati ya hifadhi ya Bwabwata karibu kilomita 200 na haina uzio, tembo wanavuka wanavyotaka, vibao vipo, watu wanavipuuza. Pita pale kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa mchana. Tembo akiwa barabarani simama mbali, usizime injini, usipige honi, mwache amalize mambo yake. Ukifika Grootfontein chepuka ukaone kimondo cha Hoba, kipande cha chuma kilichotoka angani, tani 60 hivi, hakuna kikubwa zaidi kinachojulikana duniani, mkulima alikigundua akilima 1920 na mpaka leo kipo pale pale kilipoanguka kwa sababu hakuna aliyeweza kukisogeza. Wewe ambaye umekulia karibu na kimondo cha Mbozi utakiangalia kwa jicho lingine kabisa. Kutoka pale Etosha kwa geti la mashariki ni saa mbili hivi.

Prado ifanyie sevisi kubwa kabla, beba mkanda wa feni, oili, chujio la hewa mbili maana vumbi linaziba, na shokomzoba za nyuma ukague kweli kweli, ndizo zinazokufa kwenye mikunjo.

Kila mtu anaongelea jangwa na wanyama tu. Miji yao ina nini cha kuona, au nipite tu nikalale? Dada H., Dar

Usipite tu dada, tafadhali. Wewe wa Dar una deni na Windhoek. SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, ilipokuwa inafukuzwa kwao ilifungua ofisi Dar es Salaam mwaka 1961, Sam Nujoma akaishi pale kwetu, na kuanzia 1964 wapiganaji wao wakakaa kambini Kongwa, Dodoma, pamoja na wenzao wa FRELIMO ya Msumbiji na wengine. Wale waliopigana vita ya kwanza tarehe 26 Agosti 1966 kule Omugulugwombashe wametokea Kongwa. Ukiingia kwenye jumba la makumbusho ya uhuru pale Windhoek, lile refu la dhahabu, utaona Tanzania imo ukutani. Limejengwa mahali aliposimama askari wa Kijerumani wa shaba juu ya farasi, sasa mbele yake amesimama Nujoma na katiba mkononi, na pembeni kuna sanamu ya mwanaume na mwanamke wameinua mikono, minyororo imekatika, hiyo ni ya mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama, 1904 hadi 1908. Hesabu miaka hiyo uweke pembeni ya Maji Maji yetu, 1905 hadi 1907, Mjerumani yule yule.

Ndio maana Swakopmund nayo naomba uiangalie vizuri. Ni mji mzuri, nyumba za rangi za Kijerumani, keki, kahawa, barabara safi, watu wanapiga picha wanaondoka. Nyuma ya makaburi ya mji yaliyojengewa marumaru kuna uwanja wa mchanga wenye vituta vidogo vidogo, hakuna jina hata moja, mamia kwa mamia. Ni Waherero na Wanama waliokufa kwenye kambi ya mateso iliyokuwa hapo hapo mjini. Hakuna tiketi. Nenda, simama, na usikanyage vituta, kuna watu waliwahi kupitisha magari juu yake ndio pakawekewa mpaka. Ujerumani ilikuja kukiri kuwa yale yalikuwa mauaji ya kimbari 2021, na tangu 2025 Namibia inayakumbuka kila tarehe 28 Mei.

Alafu Katutura. Watu weusi wa Windhoek walihamishwa kwa nguvu kupelekwa huko, waliopinga walipigwa risasi tarehe 10 Desemba 1959, leo ndio sehemu yenye uhai kuliko zote mjini. Nenda soko la Oshetu mchana, kuanzia saa sita, moshi utakuongoza wenyewe. Nyama ya ng'ombe inachomwa mbele yako kwenye majiko marefu, mchomaji anaikata vipande vyembamba vikiwa bado juu ya moto, unaonja bila kuulizwa, ukiipenda anakukatia ya hela uliyonayo juu ya karatasi. Wanaita kapana. Unachovya kwenye unga wa pilipili na chumvi, kuna kachumbari, kuna maandazi yao makubwa, na akina mama upande wa pili wanauza ugali wa uwele. Nenda na mtu wa hapo, hata dereva wa teksi aliyekuleta mwambie mle wote, pochi iache hotelini, na beba noti ndogo ndogo kwa sababu chenji ya mia mbili kwa nyama ya ishirini hutaipata.